Mwongozo kamili: jinsi ya kumfundisha mtoto wa msingi aandike vizuri na apende kuandika

Ukiwapa darasa la nne insha ya "Shule yangu" unajua kabisa utakachopata, madaftari sabini na kitu yote yanasema shule yangu inaitwa hivi, ina madarasa saba, ina walimu kadhaa, naipenda sana shule yangu, mwisho. Sasa toka nje muda wa mapumziko usimame karibu na hao hao walioandika hivo, usikilize. Mmoja anaeleza mjomba wake alivyopanda kutoka Deep Sea, kule kwenye soko la samaki, pweza bado kamng'ang'ania mkononi, mwingine anamuigiza konda wa daladala za Kange mpaka sauti, wenzake hoi kwa kucheka. Maneno wanayo, na watoto wa Tanga kwa maneno hawajambo. Kazi iliyobaki kwa mwalimu ni kuyatoa yale maneno mdomoni yafike kwenye daftari yakiwa bado na uhai.

Kwa hiyo kila kitu ntakachoeleza hapa kinasimama kwenye kanuni moja, mdomo kwanza kalamu baadae. Nimeandika kwa walimu wa la tatu mpaka la sita zaidi, la kwanza na la pili wana sehemu yao huko chini, na wazazi pia mna yenu.

Vitu vya kuandaa

Hamna cha gharama. Daftari mbili kwa kila mtoto, la rafu na la kazi safi, na kama mzazi hana uwezo wa mbili basi hilo moja ligeuzwe, mbele safi nyuma rafu. Manila mbili tatu, marka, boksi tupu, kamba ya katani (tukikosa katani Tanga hii itakuwa aibu ya mkoa mzima) na vibanio vya nguo. Raba iache begini. Mtoto mwenye raba mkononi anaandika neno moja anafuta mawili, kipindi kinaisha ana tarehe na kichwa cha habari tu. Kwenye rafu tunakata kwa mstari mmoja tunasonga mbele.

Jambo jingine la kuandaa ni wewe mwenyewe kukubali kwamba kuandika hakutakuwa adhabu tena. Ile ya "andika mara mia moja sitapiga kelele darasani" iache kabisa, maana huwezi Jumatatu kumtesa mtoto kwa kalamu alafu Jumatano umwambie kalamu ni raha, hatokuamini na ana haki.

Hatua ya kwanza: wasimulie kabla hawajaandika

Anza na kitendawili kimoja au viwili ili midomo ifunguke. Sio kwa ajili ya mapambo, kitendawili kinamfundisha mtoto kuangalia kitu kwa jicho la pembeni, na mtoto aliyetega kitendawili chake mwenyewe kuhusu jembe au embe tayari ameshatunga. Alafu wewe mwalimu toa stori fupi ya kweli, ya dakika mbili, ya kitu kidogo kilichotokea. Paukwa, pakawa, na uanze. Usiwape stori ya maana sana yenye funzo, wape ya mbuzi aliyeingia ofisi ya walimu akala andalio la somo.

Baadae wagawe wawili wawili, dawati hilo hilo walilokaa, msihamishane mkapoteza muda. Wa kwanza anasimulia dakika mbili, wa pili kazi yake ni kuuliza, na maswali yake yameandikwa ubaoni ili asikose la kusema:

Ikawaje?
Nani alisema nini?
Uliona nini hasa? Ulisikia nini?
Ulikuwa umesimama wapi?

Wakimaliza wanabadilishana. Kelele zitakuwepo, na mwalimu wa darasa la jirani atachungulia dirishani, mwambie hiyo ni sehemu ya somo. Hatua hii walimu wengi wanairuka kwa sababu kipindi ni dakika 40 na wanaona zinaliwa bure, mi naona ni kinyume, dakika kumi za kusimulia zinaokoa ishirini za watoto kutafuna kalamu wakiangalia dari.

Kama upo Muheza vijijini au kule milimani Lushoto na una watoto ambao Kibondei au Kisambaa ndio lugha ya nyumbani, waache wasimulie kwa lugha hiyo kwanza, wenzao wanawaelewa, alafu wahamie Kiswahili kwenye kuandika. Na walimu wa inglishi midiamu ndo hivo hivo, stori kwa Kiswahili kwanza, kizungu kitafuata kikiwa na kitu cha kubeba.

Hatua ya pili: punguza mada mpaka iwe ndogo

Hapa ndipo insha nyingi zinapokufa. Mada kubwa inamfanya mtoto aandike anachodhani mwalimu anataka, mada ndogo inamfanya aandike anachokijua. Usiseme "Jiji la Tanga", sema mtu mmoja unayempita kila asubuhi ukija shule. Badala ya "Soko", meza moja tu pale Mgandini, ya nani, ina nini juu, mwenye meza ana maneno gani. Badala ya "Usafiri", baiskeli ya nyumbani kwenu, nani anaiendesha, inalia wapi, mara ya mwisho pancha ilikuwa wapi (mji huu nyumba gani haina stori ya baiskeli). Badala ya "Mapango ya Amboni", ile dakika mliyozimiwa taa ndani.

Watoto wa Ngamiani wana bahati ya barabara za namba, nawapa "kona moja ya barabara yetu saa kumi na mbili jioni" na nakwambia utasoma hadi usahau chai, nani anakaanga mihogo, nani anacheza bao, redio ya nani iko juu.

Siku nyingine watoe nje kabisa. Dakika kumi uwanjani na karatasi, kila mmoja alete vitu vitano alivyoona, vitatu alivyosikia na kimoja alichonusa. Marufuku kuandika "niliona miti", ni mti gani, mwarobaini au mwembe, una nini, chini yake kuna nani? Wakirudi wanachagua kimoja tu katika hivo tisa na kukiandikia sentensi tano.

Na usiogope kuwaambia kwamba waandishi wanatoka sehemu kama zao. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapa hapa jirani na mji, na kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani serikalini. Ukimwambia mtoto wa Machui kwamba mtu anayesomwa kote kwenye Kiswahili ni wa kijiji cha pili anakaa vingine kwenye dawati.

Hatua ya tatu: andika mbele yao, na wakuone unakosea njia

Watoto wengi hawajawahi kumuona mtu mzima akitunga. Wanaona maandishi yakiwa tayari ubaoni au kitabuni, kwa hiyo wanadhani anayejua kuandika anaandika tu moja kwa moja. Chukua chaki uandike huku unaongea kwa sauti. Mfano naandika:

Jana nilikwenda sokoni kununua samaki.

Nasimama. Nawauliza, hapo mnaona chochote? Hawaoni kitu. Nakata "samaki", naandika "changu wawili". Nawauliza tena, muuzaji alikuwaje? Mmoja atasema mnene, mwingine atasema alikuwa analala, nachukua la kulala. Nakata tena naandika upya chini yake:

Jana nilimkuta muuza samaki amelala kwenye kiti, changu wawili wamebaki mezani na paka kakaa chini anawapigia hesabu.

Sasa wanacheka, na wameona jambo kubwa zaidi ya hiyo sentensi, wameona mwalimu amekata mara mbili na hakuna aliyekufa. Fanya hivi kila mnapoanza aina mpya ya uandishi, dakika tano zinatosha, na usije na sentensi uliyoiandaa nyumbani ukajifanya unaitunga pale pale, watoto wanajua.

Hatua ya nne: rafu, bila kusimama

Dakika kumi, kalamu isisimame. La tatu waanze na dakika tano. Kanuni za rafu ni hizi tu: andika kama ulivyomsimulia mwenzako, usifute, neno usilojua kuliandika liandike unavyolisikia alafu lipigie mstari chini, tutalirudia. Usizunguke darasani ukisahihisha herufi wakati huu! Ukiinama kwa mtoto ukamwambia "hapa herufi kubwa" umeshamkata, lile alilokuwa nalo kichwani limeondoka. Kaa, na wewe andika ya kwako.

Atakuwepo anayesema "mwalimu mi sina cha kuandika". Mwite pembeni, mwambie akusimulie, wewe andika sentensi yake ya kwanza kama alivyoitamka, mrudishie daftari aendelee. Mara nyingi inatosha hiyo moja.

Hatua ya tano: kuirekebisha habari yenyewe

Hii ndio sehemu nnayoipenda na ndio iliyosahaulika zaidi, maana sisi tukisikia "sahihisha" tunakimbilia tahajia. Tahajia ina siku yake. Siku hii tunaangalia habari tu. Mtoto mmoja wa la tano aliandika hivi:

Siku moja nilikwenda Pangani na baba. Tulipanda pantoni. Tulivuka. Nilifurahi sana. Tulirudi nyumbani.

Hamna kosa hata moja la kusahihisha hapo, wapo watakaompa tisa ya kumi. Lakini hamna kitu. Nikamuuliza kwenye pantoni mlikuwa na nani? Akasema kulikuwa na mzee ana mbuzi. Mbuzi alifanyaje? Baba alisema nini? Ulishika wapi? Kila alichojibu nikamwambia hicho hicho kaandike. Alileta hii:

Pantoni ilipoanza kuondoka mbuzi wa mzee mmoja akagoma kusimama, akawa anavuta kamba anataka kurudi Pangani mjini. Baba alinishika mkono mpaka ukauma. Nikamuuliza, "Baba unaogopa?" Baba akasema, "Tazama mbele." Mi nikatazama mbuzi. Tulipofika Bweni mbuzi alikuwa wa kwanza kushuka.

Maswali manne tu, hakufundishwa neno jipya hata moja. Na ona ile "nilifurahi sana" imekufa yenyewe. Hiyo sentensi mi huwa naipa likizo kabisa, nabandika manila ukutani yenye maneno yaliyopumzishwa kwa mwezi mzima, nilifurahi sana, siku moja, naipenda sana, vitu vingi, kila aina ya. Watoto wanaufanya mchezo, wanakamatana wenyewe kwa wenyewe, hadi mwalimu mkuu akiongea mstarini akasema "vitu vingi" utawasikia wanaguna.

Kwa darasa kubwa huwezi kumuuliza kila mtoto, kwa hiyo wale wawili wa dawati ndio wanaulizana. Msomaji anasoma rafu yake kwa sauti, mwenzake anasema mambo mawili tu, sehemu aliyoipenda na sehemu anayotaka kujua zaidi. "Nzuri" peke yake haikubaliki kuwa jibu. Alafu mwandishi anachagua sentensi MOJA anaipanua iwe tatu, moja tu, ukisema wapanue yote watajaza maji.

-li- na -ka-, na janga la "alafu"

Nimeipa sehemu yake kwa sababu inabadilisha daftari haraka kuliko kitu kingine chochote. Angalia watoto wanavyoandika: niliamka, niliswaki, nilikunywa chai, nilikwenda shule, nilikaa. Au ile nyingine: niliamka alafu niliswaki alafu nilikunywa chai na alafu. Ukiwasikiliza wakiongea hawaongei hivo, wanasema niliamka, nikaswaki, nikanywa chai, nikatoka. Hiyo -ka- wanayo toka wana miaka mitatu, wakishika kalamu tu wanaisahau wanadhani ni ya uswahilini.

Fundisha hivi. Andika ubaoni habari ya vitenzi sita vyote vina -li-. Waambie wa kwanza tunamuacha na -li- yake, yeye ndo kafungua mlango, wanaofuata wote wape -ka-. Someni habari zote mbili kwa sauti, masikio yao yatachagua. Wiki inayofuata leta -po- na -ki-: nilipofika, nilimkuta akilia, akija mwambie. Kila mtoto azungushie "alafu" zote kwenye rafu yake, aruhusiwe kubaki na mbili, nyingine azitafutie njia, kuzitoa au kugeuza kitenzi. Usiwape majina ya kisarufi siku hiyo, hayo yana kipindi chake.

Hatua ya sita: tahajia na alama, kosa moja kwa wiki

Sasa ndio tahajia. Chagua kosa moja ambalo umeliona kwa wengi, hilo ndilo la wiki, mengine yafumbie macho japo yanakuwasha.

Yanayojirudia ni yale yale. Kukata neno, "ni likwenda", "ana cheza", "wali po fika", hili linatokana na kujifunza kwa silabi, mtoto anaandika anavyotamka vipande. Dawa yake kofi moja neno moja, wasome sentensi huku wanapiga kofi kwa kila neno zima, ukipiga kofi kwenye "ni" darasa litakuambia bado neno halijaisha. Kuna kinyume chake, kuunganisha, "kwasababu", "kwahiyo", haya waandike kwenye manila wayaone kila siku mana hata watu wazima yanawashinda. Kuna h inayodondoka, "apa", "abari", na inayoingia isikoitwa. Kuna l na r, kula na kura. Kuna ng'ombe asiye na king'ong'o chake anayebaki "ngombe". Watoto waliopita madrasa dh, th na gh haziwasumbui sana, ila usichukulie wote wamepita. Na siku hizi kuna ugonjwa wa simu, "xaxa", "cjui", "kny". Usigombe, waambie hiyo ni ya kwenye simu, hapa tupo kwenye daftari, kila nguo na shughuli yake.

Imla ifanye fupi, sentensi tatu tu, na uzitoe kwenye madaftari yao wenyewe. Mtoto akisikia mwalimu anasoma imla "Baba akasema, tazama mbele" na anajua hiyo ya fulani, atakaa wima, na fulani mwenyewe atakuwa amevimba kichwa wiki nzima. Baada ya imla wabadilishane madaftari wasahihishane.

Nukta zifundishe kwa pumzi. Mmoja anasoma, mwenzake ananyanyua mkono kila anaposikia sentensi imeisha, pale mkono ulipopanda nukta iingie na herufi kubwa ifuate. Alama za kunukuu zisubiri mpaka wameandika mazungumzo mengi bila hizo, hapo watazihitaji na utazifundisha kwa dakika kumi.

Hatua ya saba: kusahihisha bila kufa

Daftari sabini kwa mwalimu mwenye vipindi vingine sita haiwezekani kusoma zote kila siku, tuache kudanganyana. Gawa darasa makundi matano, daftari 14 kwa siku, Ijumaa umemaliza wote, kila mtoto amesomwa kweli mara moja kwa wiki. Siku nyingine wanasomana wenyewe.

Ukisoma fanya vitu vitatu. Chora mstari pembeni ya sehemu iliyokugusa na uandike kwanini, maneno matatu yanatosha, "mbuzi kanichekesha sana". Uliza swali moja mwishoni, swali la kweli la mtu anayetaka kujua. Sahihisha lile kosa la wiki tu. Kalamu nyekundu sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni ile daftari linalorudi limetapakaa damu, makosa thelathini yamezungushiwa na chini 4/10, mtoto hajui aanzie wapi, analifunga. Alama zitoe kwenye kazi safi tu, rafu haina alama.

Mthibiti ubora wa shule (mkaguzi) akija akauliza mbona makosa mengine hujayagusa, muoneshe azimio la kazi lenye kosa la kila wiki na kazi safi za nyuma, hilo linaeleweka bila mabishano.

Hatua ya nane: watafutie wasomaji

Mtoto anayeandika akijua msomaji ni mwalimu peke yake ataandika ya kumridhisha mwalimu. Funga kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha, bana kazi safi kwa vibanio, zibadilishe kila wiki, na hakikisha katika mwezi kila mtoto ametundikwa. Usitundike za wale watano wazuri tu. Zawadi nazo siziamini sana, zinawapa nguvu wawili ambao wangeandika hata bila zawadi, waliobaki wanajua mapema hawamo.

Shona kitabu cha darasa. Karatasi za kazi safi, jalada la manila au boksi lililokatwa, toboa kwa msumari matundu matatu, pitisha uzi wa katani, funga. Kikae kwenye boksi la darasa, wa la pili waje kuazima, na mwandishi aende kuwasomea. Sijaona mtoto wa la tano anayeandika kizembe akijua Ijumaa atasimama mbele ya la pili, maana wale wakichoka hawakufichi.

Na barua. Barua ya kweli, kwa bibi Korogwe, kwa shangazi Dar, kwa mjomba aliyeko melini. Hapo ndipo unafundisha anwani juu kulia, tarehe, mpendwa bibi, salamu, kiini, jina chini, vitu ambavyo kwenye mtihani wanavisahau kwa sababu hawajawahi kumwandikia mtu. Kama stempu ni tatizo atapelekewa kwa mkono na anayesafiri, ila ifike na ijibiwe.

Zoezi la tiara

Hili ni la uandishi wa maelekezo, la nne kwenda juu. Kila mtoto aandike jinsi ya kutengeneza tiara (kishada cha kurusha), hatua kwa hatua. Alafu leta vifaa mezani, vyelewa (njiti za makuti), gazeti, uzi, uji wa ngano wa kugandishia, mkia wa kitambaa. Mtoto mmoja anasoma alichoandika mwenzake na mwingine anafanya KAMA kilivyoandikwa, bila kuongeza akili yake. "Chukua vyelewa ufunge." Vingapi? Anachukua vyote kwenye meza anavifunga kama mzigo wa kuni. "Gandisha gazeti." Anagandisha gazeti kwenye meza. Darasa linapiga kelele na mwandishi ndo anayepiga kubwa kuliko wote, "sio hivo!", na wewe unamwambia kwa upole, mbona umeandika hivo.

Anarudi kuandika: chukua vyelewa viwili, kimoja kirefu kimoja kifupi, viweke vipishane katikati, funga kwa uzi pale vinapopishana. Umefundisha uwazi, mpangilio na hesabu bila kutamka hata moja. Mwisho wa kipindi zinazopaa zinapaa, na ikiwa ni msimu wa upepo wa kusi zitapaa kweli. Zoezi hili hili linafanyika na kupika vitumbua au kufunga kamba za viatu.

La kwanza na la pili

Hawa wapo kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) bado, mkono wenyewe haujakomaa. Wachore kwanza, alafu mtoto anakuambia mchoro una nini, wewe unaandika chini yake maneno yake yale yale, anayasoma kwa kidole. Baada ya muda unaandika nusu anamalizia. Kiswahili kinatubeba hapa kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa, mtoto aliyeshika ba be bi bo bu na zile ngumu kama mb, nd, ng', ny, sh anaweza kuandika karibu chochote anachosema. Mwandiko ufundishwe, namna ya kukaa, kushika penseli, herufi kukaa kwenye mstari, ila kwa dakika zake tofauti, usimkatishe stori kumwambia mkia wa g umekuwa mfupi.

Mtihani nao

Mwalimu wa taaluma atauliza, na mzazi atauliza, haya yote yanaingiaje kwenye upimaji wa la nne na mtihani wa la saba? Yanaingia vizuri tu. Zile sentensi za kupanga A mpaka D zifundishe kwa kukata insha za watoto wenyewe vipande vipande, kila sentensi karatasi yake, kundi jingine lipange. Watagundua wenyewe kwamba "baadae", "yule mbuzi", "tulipofika" ndio alama za kuonesha nani kamtangulia nani. Mtoto aliyezoea kuandika anajua sentensi inamsubiri nani, aliyekariri pasti pepa anabahatisha.

Wazazi

Mpe mtoto kazi za kalamu nyumbani. Aandike orodha ya dukani, aandike ujumbe wa kumuachia baba, aandike mama anavyopika mkate wa kumimina huku mama anaongea. Akikuletea alichoandika kisome mpaka mwisho kabla hujaona kosa, cheka panapochekesha, uliza swali. Kama shule haijampa la kuandika mnunulie daftari dogo lake mwenyewe na usilikague.

Ratiba ya wiki, kwa wanaopenda kuwa na ya kuanzia

Jumatatu kusimulia na kuandika rafu, wape kipindi kizima. Jumanne dakika kumi na tano za maswali ya wawili wawili na kupanua sentensi moja. Jumatano kosa la wiki na imla. Alhamisi kazi safi, na hii ndo siku ya mwandiko mzuri. Ijumaa kusoma mbele ya watu na kubadilisha za kwenye kamba. Vipindi vya Kiswahili vipo, hujaiba somo la mtu. Wiki ikiliwa na mahafali au mitihani ya ndani, ruka Jumatano au Alhamisi, Jumatatu na Ijumaa usiziguse.